Paka wetu analala juu ya koti la marehemu baba mwaka wa pili sasa. Ni harufu, ni joto, au anamkumbuka?

#1 Kifunguo
Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu, maana nyumbani tumegawanyika.

Baba alifariki mwaka juzi. Aliacha koti la sufi la rangi ya udongo, mfuko wa kulia umechanika kwa kubeba tochi na funguo. Lilikuwa linaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa nyuma, na mpaka leo msumari wake ni uleule. Tuna paka jike anaitwa Shaba, ana miaka kama tisa. Tangu mzee aondoke, Shaba amelifanya lile koti kitanda. Analivuta kwa kucha mpaka linaanguka, analikandakanda kwa miguu ya mbele, anajizungusha mara mbili, kisha anajikunja juu yake. Ana kikapu chake, ana mto, kuna makochi mawili. Hataki.

Dada anasema koti lifuliwe apewe mtu atakayelivaa. Mama hataki hata kusikia neno sabuni. Mdogo wetu wa mwisho anasema Shaba anamkumbuka mzee, na kulifua koti ni kumnyang'anya. Mimi nimebaki katikati.

Maswali yangu mawili: paka anaweza kumkumbuka mtu miaka miwili? Na koti tulifue au tuliache?

#2 Jicho Kavu
Joto tu, mkuu. Sufi inatunza joto. Mtandikie koti la mtu baki uone kama hatalala. Paka hana marehemu.

#3 Mama Vifaranga
Jicho Kavu na wewe, mtu kafiwa unamjibu kama unasoma mita ya maji. Pole Kifunguo. Msilifue.

#4 Bundi
Nimekaa mstari wa mbele. Uzi huu hautaisha leo.

#5 Daktari wa Nyayo
Kazi yangu ni kutibu wanyama, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Jicho Kavu hajakosea sana. Joto la mwili wa paka mzima ni kama nyuzi 38 hadi 39, na hewa ambayo hahitaji kutumia nguvu yoyote kujipasha ni ya nyuzi 30 hadi 38. Sisi tungekuwa tunatiririka jasho. Chumba unachokiona wewe ni kizuri, kwake kina baridi, ndiyo maana utamkuta juu ya redio, juu ya mashine, juu ya tumbo lako.

Ila joto peke yake halielezi kwa nini anaacha makochi mawili na kwenda kuhangaika na msumari. Nijibu haya kwanza: baba ndiye aliyekuwa akimlisha? Analala juu ya koti saa ngapi? Na likishaanguka, nani analirudisha?

#6 Kifunguo
Daktari, baba hakuwahi kumlisha hata siku moja. Kusema kweli hawakuelewana. Kila jioni Shaba alikuwa anakaa kwenye kiti cha mzee, na kila jioni mzee alikuwa anamfukuza kwa gazeti. Hakumpiga, alikuwa anapiga mkono wa kiti, paa, paka anaruka.

Analala asubuhi, kuanzia kama saa moja mpaka jua likiwa kali. Usiku anakuwa na shughuli zake. Koti nadhani dada ndiye anayelirudisha, ana ugonjwa wa kupanga vitu.

#7 Jicho Kavu
Hahaha! Kumbe marehemu alikuwa adui yake. Basi analalia ushindi. Gazeti halipo tena.

#8 Mpwa wa Nahodha
Jicho Kavu umenichekesha, lakini usicheze na pua. Paka ananusa kuliko mbwa, hilo linajulikana. Koti la sufi linashika jasho miaka na miaka. Yule paka akilala pale, kwake mzee bado yupo chumbani.

#9 Daktari wa Nyayo
Mpwa wa Nahodha, kidogo hapo. Kwa chembe za kunusia, paka anakadiriwa kuwa na kama milioni 200, mbwa anafika hata milioni 300 kutegemea na aina, na binadamu ana kama milioni 5 au 6. Paka ni bingwa, ila kombe hajalichukua.

Hoja ya harufu ina uzito. Mwaka 2015 Gregory Berns na wenzake walichapisha jaribio la mbwa 12 waliofundishwa kutulia ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Wakanusishwa harufu yao wenyewe, ya mbwa wanaowafahamu na wasiowafahamu, ya mtu wanayemjua na mtu baki. Sehemu ya ubongo inayohusika na kutarajia jambo jema iliwaka zaidi kwa harufu ya mtu wanayemjua, wakati mtu mwenyewe hayupo pale. Lakini hao ni mbwa. Paka umuingize kwenye mashine umwambie atulie, nakutakia kila la heri.

#10 Sindano na Uzi
Mimi nashona, nguo za watu nazijua. Mnasahau jambo moja. Huyo paka kalala juu ya lile koti miaka miwili, karibu kila siku. Paka ana tezi za harufu mashavuni na kwenye nyayo, kila akijisugua na kukandakanda anapaka harufu yake. Harufu ya mzee ilikuwa safu moja ya chini. Juu yake kuna safu mia saba za Shaba. Lile koti sasa ni la Shaba. Analala juu ya harufu yake mwenyewe, kama mtu anavyorudi kitandani kwake.

#11 Mama Vifaranga
Sindano, maelezo yako yamenihuzunisha kuliko ya Jicho Kavu.

#12 Rasi
Niwaletee kisa changu. Kaka yangu alipokwenda kusoma mbali, mbwa wetu alichukua kandambili yake ya kushoto. Ya kushoto tu. Alikuwa anaibeba mdomoni, haitafuni, anailaza mbele ya mlango na kulala kichwa chake kikiwa juu yake. Ya kulia tulimpa mara kadhaa, anainusa anaiacha. Kaka aliporudi baada ya miezi kumi na moja, mbwa alimrukia mpaka akamwangusha, halafu ile kandambili hakuigusa tena maisha yake yote. Tukaitupa na hakuitafuta.

Kwa nini ya kushoto? Mpaka leo tunabishana. Kaka anasema mguu wake wa kushoto ndio ulikuwa na fangasi.

#13 Bundi
Hahahaha. Upendo wa kweli.

#14 Mzee Saa Mbovu
Rasi kanikumbusha yule mbwa wa Japani, Hachikō. Bwana wake alikufa kazini, mbwa akaendelea kumsubiri kituo cha treni cha Shibuya miaka kumi na tano. Hakuwa na koti wala kandambili. Huyo mtasema ni joto?

#15 Karani
Mzee, miaka karibu kumi. Profesa Hidesaburō Ueno alifariki Mei 1925, Hachikō akafa Machi 1935. Mengine uko sawa, na sanamu yake ilisimamishwa 1934 akiwa hai.

#16 Jicho Kavu
Na alipopasuliwa tumboni mwake vilikutwa vijiti vya mishikaki. Watu wa kituoni walikuwa wanamlisha. Nani asingesubiri hapo miaka kumi?

#17 Karani
Vijiti vilikutwa kweli. Ila wakati anaanza kwenda pale hakuwa maarufu, alikuwa akifukuzwa na kusumbuliwa. Umaarufu ulikuja mwaka 1932 alipoandikwa gazetini, ndipo watu wakaanza kumhudumia. Kwa hiyo miaka ile saba ya mwanzo mishikaki haiielezi vizuri. Kwa faida ya wanaosema vijiti ndivyo vilimuua: uchunguzi uliotolewa 2011 ulikuta alikuwa na saratani.

#18 Jicho Kavu
Miaka saba ya mwanzo ni mazoea. Mnyama akizoea njia, anaifuata. Mimi nimehama nyumba miaka minne, bado nikichoka gari linanipeleka kule kwa zamani. Je, naomboleza ile nyumba?

#19 Rasi
Pengine ndiyo.

#20 Fundi wa Zamu ya Usiku
Mnaongea wanyama tu, naomba nigeuze kidogo. Babu aliniachia saa ya ukutani ya kutia ufunguo. Ilikuwa inachelewa dakika kumi na mbili kila siku, na mlio wake ulikuwa na kwikwi: tik, tik, kimya kidogo, tak. Utoto wangu wote nimelala na ile kwikwi. Nikaona nimheshimu babu, nikaipeleka kwa fundi. Akaifungua, akasafisha gurudumu moja baada ya jingine, akaweka mafuta, akairudisha inatembea sawasawa kabisa. Dakika haipotei. Na mimi siisikii tena. Iko ukutani lakini ni kama nimenunua saa.

Kwa hiyo Kifunguo, kabla ya sabuni, jiulize ni nini hasa mnachokitunza.

#21 Mzee Saa Mbovu
Umeona kwa nini nimejiita hivi? Yangu siitengenezi.

#22 Mwalimu Mstaafu
Kisa cha saa kina maelezo yake. Daktari wa watoto Donald Winnicott, mwaka 1951, aliandika kuhusu vile vitu ambavyo mtoto mdogo hawezi kulala bila navyo: kipande cha blanketi, mdoli uliotoka jicho. Aliona mzazi anajua bila kufundishwa kwamba kitu kile hakifuliwi ovyo, maana kukibadilisha harufu ni kukata uzi.

Na mwaka 2008 Bruce Hood na Paul Bloom waliwaonyesha watoto mashine ya uongo, wakawaambia inaweza kutengeneza nakala kamili ya kitu chochote. Watoto walikubali vitu vya kawaida vinakiliwe, nakala wakaifurahia. Ilipofika zamu ya mdoli wa kulalia, wengine walikataa hata usiingie kwenye mashine, na wengi wa waliokubali walitaka warudishiwe uleule wa mwanzo. Nakala ilikuwa sawa kwa kila kitu, ila sio.

#23 Mama Vifaranga
Mwalimu, asante. Mwanangu nilimfulia kitambaa chake mara moja. Alikinusa, akanitazama, akakiweka chini taratibu kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Alilala bila kitambaa kuanzia usiku ule. Majirani walinipongeza eti nimemwachisha. Mimi nilijua nimefanya nini.

#24 Jicho Kavu
Mtoto sawa. Lakini mnamhamishia paka saikolojia ya mtoto. Na hata nyie watu wazima: picha inatosha. Piga picha koti, ligawe.

#25 Karani
Hapo Jicho Kavu ana ushahidi, tumpe haki yake. Kuna utafiti uliotoka 2017, wa Karen Winterich na wenzake, kwa wanafunzi wa mabweni. Kundi moja waliambiwa kwenye matangazo wapige picha vitu vyenye kumbukumbu kabla ya kuvitoa, jingine waliambiwa tu watoe. La picha lilitoa vitu 613, la pili 533. Watu wengi wanashikilia kumbukumbu, na picha ikiwashikia, mkono unalegea.

#26 Fundi wa Zamu ya Usiku
Picha ya saa yangu ninayo. Haina kwikwi.

#27 Kasuku Hana Kosa
Mimi nina kitu ambacho hakipigiki picha wala hakifuliki, naombeni ushauri.

Tuna kasuku wa kijivu. Babu alikuwa na kikohozi cha muda mrefu, na kila alfajiri alikuwa anakohoa mara tatu, anasafisha koo, kisha anasema "Haya." Neno hilo tu, la kuianza siku. Babu hayupo huu mwaka wa sita. Kasuku anakohoa mara tatu, anasafisha koo, anasema "Haya." Sauti ni ya babu mwenyewe. Wageni wanaolala kwetu wameshaulizia huyo mzee mbona hatoki chumbani.

Bibi amezoea, saa nyingine anamjibu. Mimi ndiye nashindwa. Sijui kama kile ni kikohozi cha babu au ni kikohozi cha ndege.

#28 Bundi
Nimesisimka mwili mzima. Naomba turudi kwenye fangasi.

#29 Mwalimu Mstaafu
Kuna kasuku aliyeitwa Alex, wa mtafiti Irene Pepperberg, alikaa naye miaka 30 hivi, akafa Septemba 2007. Usiku wa mwisho alimuaga kwa maneno yaleyale aliyokuwa akimuaga kila usiku. Watu waliyasoma kama wosia. Yalikuwa mazoea ya kila siku, na hayakosi uzito kwa sababu hiyo. Kasuku wenu anaweza kuishi miaka mingine arobaini. Mnaweza kuwa na wajukuu watakaomjua babu kwa kikohozi tu.

#30 Daktari wa Nyayo
Kasuku Hana Kosa, kwa upande wa tiba: mara moja tu, mpeleke akachunguzwe kifua. Kasuku anayeiga kikohozi na kasuku anayekohoa huwa wanafanana, na wenye mali hugundua wamechelewa. Akiwa mzima, muachieni kikohozi chake.

#31 Kasuku Hana Kosa
Nimecheka kwa uchungu. Kwamba miaka sita tunamlilia babu kumbe ndege anaumwa mafua. Nitampeleka.

#32 Sindano na Uzi
Kifunguo uko wapi? Kuna jambo la haraka kuliko kumbukumbu zote hizi. Sufi isiyofuliwa inaliwa. Yule nondo mdogo wa nguo mkimuona anaruka msihangaike naye, mkubwa hali chochote. Wanaokula ni watoto wake, viwavi vyeupe vidogo, na wanapenda zaidi palipo na jasho na uchafu wa mwili. Kwa maneno mengine, wataanza na shingoni na kwapani, palepale mnapopatunza. Kutofua kunaweza kuwa ndiyo njia ya kulipoteza.

Dawa yake: lifunge kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa, weka kwenye friza wiki nzima, toa, acha lipoe mpaka liwe na joto la kawaida ndani ya mfuko, kisha likung'utwe. Viwavi vinakufa bila sabuni.

#33 Karani
"Acha lipoe" likitoka kwenye friza?

#34 Sindano na Uzi
Liyeyuke, lirudie joto la chumba. Umenielewa, karani wewe.

#35 Kifunguo
Nipo wakuu, nilikuwa nafuatilia. Nilimfanyia Shaba jaribio la Jicho Kavu. Nilipata koti jingine la sufi, uzito uleule, la rafiki yangu. Usiku nikayatandaza yote mawili sakafuni karibu na mlango wa nyuma, hatua mbili kutoka moja hadi jingine. Matokeo:

Siku ya kwanza Shaba kalala ndani ya mfuko niliobebea koti la rafiki.
Siku ya pili nimeuondoa mfuko. Kalala koti la rafiki.
Siku ya tatu nimeamka saa mbili, nimekuta koti la baba liko msumarini, kama kawaida, na Shaba amesimama kwa miguu ya nyuma analivuta. Likaanguka, akalala. La rafiki kalipita kama jiwe.
Siku ya nne hivyohivyo.

#36 Jicho Kavu
Siku ya pili nimeshinda.

#37 Rasi
Siku ya tatu na ya nne umepigwa mbili kwa moja.

#38 Mpwa wa Nahodha
Mimi nasema ni ule mvuto wa kuning'inia. Paka anapenda kitu kinachoning'inia. Raha yake iko kwenye kuwinda, kulala ni kula mawindo. Ning'iniza la rafiki uone.

#39 Daktari wa Nyayo
Hoja ya Mpwa si mbaya. Lakini Kifunguo, kuna swali langu la #5 hujalijibu vizuri. Ulilitandaza sakafuni usiku. Asubuhi liko msumarini. Dada anaamka saa ngapi?

#40 Kifunguo
Dada amesafiri tangu wiki iliyopita. Sikuwaza hilo mpaka umeuliza.

#41 Bundi
Mamaaa. Turudi kwenye fangasi, nawaomba.

#42 Mzee Saa Mbovu
Tulia Bundi. Nyumba ina watu wengine.

#43 Mama Vifaranga
Wakati tunasubiri: Jicho Kavu, wewe uliyetugawia makoti ya watu, kwako huna kitu hata kimoja?

#44 Jicho Kavu
Nina mkanda wa shingoni wa mbwa wangu aliyekufa. Ni mkanda mzima, ngozi nzuri, kwa hiyo nimemvisha mbwa mpya. Na jina nimempa lilelile, Chui. Huyu ni Chui wa tatu. Sioni sababu ya kupoteza jina lililozoeleka.

#45 Rasi
Wa TATU?

#46 Mama Vifaranga
Mwenzetu hana mbwa, ana cheo. Kila anayekufa kinashikwa na mwingine.

#47 Jicho Kavu
Hasa. Na Chui wa tatu ule mkanda alikuwa anajikuna nao wiki nzima. Nimeuosha mara mbili, bado. Daktari?

#48 Daktari wa Nyayo
Kuna mawili. Ngozi ngumu inamkata, au ananusa kwamba mwenye cheo alikuwepo kabla yake. Ngozi ikishanyonya, kuosha hakutoi yote. Mnunulie wake. Ule utundike.

#49 Jicho Kavu
Nitundike msumarini halafu nije kufungua uzi kama Kifunguo? Hapana.

#50 Karani
Kabla hamjamcheka kwa kurithisha, mambo haya ya mnyama, mtu na vitu vyake ni ya kale mno. Huko Cyprus, mwaka 2004, waliripoti kaburi la miaka kama 9,500: mtu kazikwa na shoka za mawe, mawe yaliyosuguliwa, makombe ya baharini, na kama sentimita arobaini pembeni yake, paka wa miezi minane hivi. Ujerumani, Bonn-Oberkassel, kuna kaburi la miaka kama 14,000 lililogunduliwa 1914: mwanamume, mwanamke, na mtoto wa mbwa. Meno yake yanaonyesha aliugua vibaya akiwa mdogo na hangevuka zile wiki bila kuhudumiwa. Mbwa mgonjwa hawindi wala halindi. Kuna mtu alikaa naye tu.

#51 Mpwa wa Nahodha
Lakini yule paka wa Cyprus alikuwa miezi minane. Huyo hakufa kwa uzee. Inawezekana walimuua ili amsindikize mwenye mali. Sio kila kumbukumbu ni ya huruma.

#52 Mwalimu Mstaafu
Kweli kabisa. Na tukirudi kwa Shaba, tusiseme paka hana kumbukumbu. Atsuko Saito mwaka 2013 alionyesha paka wanaitofautisha sauti ya mwenye kuwafuga na ya watu baki. Walikuwa wanageuza kichwa na masikio wakiisikia, ila kuinuka hawakuinuka.

#53 Bundi
Hapo ndipo nilipoamini utafiti huo. "Nimekusikia, sikuji."

#54 Kifunguo
Wakuu, nimepata jibu la msumari, sijui kama ni jibu la Shaba.

Leo niliamka saa kumi na moja, nikakaa jikoni bila kuwasha taa. Saa kumi na moja na nusu mama katoka chumbani. Kaliokota koti la baba sakafuni, kalikung'uta, kalivaa. Linamfika magotini. Akafungua mlango wa nyuma, akatoka kufungua maji na kuzunguka nyumba kama mzee alivyokuwa akizunguka, anagusa kufuli moja moja, mkono wa kulia ndani ya ule mfuko uliochanika. Shaba alikuwa anamfuata nyuma, mkia juu. Karibu saa moja wakarudi. Mama akavua koti, akalitundika, akaenda kujilaza. Shaba akalivuta, likaanguka, akalala juu yake.

Nililigusa kabla hajalala. Lilikuwa la moto.

Sikumwambia mama kwamba nilikuwepo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua.

#55 Mama Vifaranga
...

#56 Jicho Kavu
Joto. Nilisema joto. Ila naomba nisishangilie.

#57 Sindano na Uzi
Nami nilisema mzee ni safu ya chini. Sikujua kama kuna safu ya mama katikati. Ule ushauri wangu wa friza, hebu fikirini kwanza, mtu wa watu atavaa nini wiki nzima.

#58 Rasi
Mimi bado nasema anamkumbuka mzee. Anamfuata mama kwa sababu mama anazunguka kama mzee.

#59 Mpwa wa Nahodha
Au anamfuata kwa sababu mlango umefunguliwa.

#60 Daktari wa Nyayo
Kifunguo, kitaalamu jaribio lako liliharibika tangu siku ya kwanza. Siku mbili za mwanzo mama alivaa koti?

#61 Kifunguo
Siku ile ya kwanza na ya pili mvua ilinyesha, nadhani hakutoka.

#62 Daktari wa Nyayo
Basi sina zaidi. Na la kufua, mwulize mwenye koti.

#63 Fundi wa Zamu ya Usiku
Usimwulize. Shona ule mfuko? Hapana, usishone. Aaah, sijui.

#64 Kasuku Hana Kosa
Mrejesho mfupi: kifua cha kasuku ni kizima. Kikohozi ni cha babu.

#65 Bundi
Afadhali. Kifunguo, uzi mrefu wote huu na hatujamwona Shaba. Weka picha akiwa juu ya koti.

#66 Kifunguo
Nimeweka hapo chini, yuko kizingitini anaangalia nje. Koti halimo, mama kalivaa.